Pombe Niliyoipika, na Muuguzi Aliyeniuliza

Mimi ni mama wa Kichaga, mzaliwa wa mteremko wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Nimepika mbege tangu usichana wangu, nikaiuza nilipobaki mjane, na ukafika wakati mbege ikawa ndiyo inayoniamsha na ndiyo inayonilaza. Leo sinywi. Watu hunijia kuuliza ni dawa gani niliyopewa, wengine huuliza ni maombi ya nani. Dawa zilikuwepo na maombi yalikuwepo, namshukuru Mungu kwa yote mawili. Lakini vyote hivyo vilifuata baadaye. Kwanza kabisa, katika chumba cha dharura cha hospitali, muuguzi mmoja aliniuliza kuhusu pombe kwa heshima ileile aliyonipimia presha. Hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka, na ndiyo maana natoa ushuhuda huu.

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani mbege ni pombe tu. Mbege ni kazi ya mikono ya wanawake. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa mpaka zinageuka nyekundu, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Ulezi unaloweshwa uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji mzito unaoitwa mso. Nyalu inachujwa, inachanganywa na mso, na gome la msesewe linatiwa ili kuleta ule uchungu wake. Kesho yake wazee wanakaa na kata yao. Posa inakwenda na mbege, harusi inakwenda na mbege, na mtu aliyemkosea mwenzake anakwenda kuomba msamaha akiwa ameshika jani la isale, na mbege inafuata nyuma yake. Nimelelewa kwa fedha ya mbege, nikasomeshwa kwa fedha hiyo mpaka kidato cha nne. Sijawahi kuionea aibu kazi ya mama yangu, na ushuhuda huu hautaitukana.

Mume wangu alipofariki, watoto walikuwa wadogo na kihamba chetu, shamba letu la migomba, kilikuwa chembamba. Nikafungua kilabu nyuma ya nyumba, nikawa mama pima. Mpishi wa mbege lazima aonje. Anaonja alfajiri kujua kama imeiva, anaonja na mteja wa kwanza ili mteja aamini, anaonja jioni kujua kama italala mpaka kesho. Nikazoea kuonja. Serikali ilipopiga marufuku viroba, pombe kali ya vipakiti, mwezi Machi 2017, baadhi ya vijana waliokuwa wamehamia kwenye vile vipakiti walirudi kwangu, wakawa wanataka kitu kikali zaidi. Nikaanza kuweka gongo chini ya meza, ingawa sheria inaikataza, na gongo nayo nikaionja. Baada ya muda mikono yangu ilikuwa inatetemeka asubuhi mpaka nizimue. Nikishazimua, naweza kushika kisu na kumenya ndizi. Nisipozimua, jasho linanitoka na moyo unakimbia. Majirani walijua. Wenzangu wa jumuiya walijua. Binti yangu mkubwa alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuwasha moto wa pipa nisipoweza kusimama.

Nilikuwa nimeshafika hospitali mara kadhaa kabla ya usiku ninaousimulia. Nilijikata, nikashonwa. Nilianguka, nikapigwa picha, nikafungwa bandeji. Katika kituo kimojawapo mhudumu alimwambia mwenzake mbele yangu, "Huyu mlevi, mfunge aende zake." Nikafungwa, nikaenda zangu. Maneno yale yaliniuma kuliko jeraha, na nilipofika nyumbani nilijua mahali pa kuyatuliza. Katika safari zote hizo hakuna aliyekaa chini akaniuliza ninakunywa nini, kiasi gani, na tangu lini. Harufu ilitosha kuwapa jibu, na jibu hilo halikuwa na matibabu ndani yake.

Usiku ule pipa lilikuwa linachemka. Niliinama kugeuza ndizi, miguu ikakosa nguvu, nikashika ukingo wa pipa na likanifuata. Ndizi za moto zilinimwagikia mkono wa kulia na paja. Jirani mmoja alikuja na asali, mwingine alikuja na dawa ya meno. Binti yangu aliwakatalia wote. Alikuwa amefundishwa shuleni kwamba palipoungua panamwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, na alinishikilia chini ya bomba huku analia mpaka shemeji yangu alipofika na bajaji. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale yaliokoa sehemu kubwa ya ngozi yangu.

Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Kwenye kitanda cha jirani alilala kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, ameshika fomu yake ya polisi, ile PF3, kana kwamba atanyang'anywa. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja mwalimu aliyebanwa na kifua. Walinisafisha, wakanitia dripu, wakanichoma sindano ya maumivu. Maumivu yaliposhuka kidogo, akaja muuguzi kijana. Akavuta pazia. Akavuta na kiti, akakaa, macho yake yakawa usawa wa macho yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana kwa kuungua. Mama, naomba ruhusa yako. Kuna maswali tunamwuliza kila mtu mzima anayepita hapa, kuhusu pombe. Majibu yanatusaidia kukutibu vizuri. Ukikubali nitakuuliza, usipokubali matibabu yako yanaendelea vilevile."

Nilitaka kujua kwanza kama ni kweli anamwuliza kila mtu. Akaniambia nitasikia mwenyewe zamu ya mwalimu ikifika. Nikamwuliza kama majibu yatakwenda polisi, au kwa padri wetu. Akasema yanaingia kwenye faili la matibabu, kama presha yangu na uzito wangu, na wanaoyasoma ni wanaonitibu. Sijui kama wasomaji wanaelewa uzito wa kuombwa ruhusa. Mlevi hukemewa, huhubiriwa, hutimuliwa, hukopeshwa. Kuombwa ruhusa ni kitu nilichokuwa nimekisahau. Nikamwambia, "Uliza."

Maswali yalikuwa kumi, na haya ni baadhi yake. Nakunywa mara ngapi? Siku ninapokunywa, ni kiasi gani? Je, imewahi kutokea nikaanza nikashindwa kuacha? Nimeshindwa kufanya kazi iliyonipasa? Nahitaji kuzimua asubuhi? Najilaumu? Nasahau yaliyotokea jana? Mimi au mtu mwingine ameumia kwa sababu ya kunywa kwangu? Kuna ndugu au daktari aliyewahi kuniambia nipunguze? Kwenye swali la kiasi tulikwama, kwa sababu mbege haina lebo. Akanieleza kwa bia: chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe, na hiyo kwenye hesabu yao ni vinywaji viwili. Kisha tukahesabu kata zangu na vipimo vyangu vya gongo, tukikisia polepole, bila yeye kushtuka wala kuguna. Kila jibu lina alama. Jumla ikifika 8, unywaji umeanza kuwa hatari kwa afya; ikifika 20, yaelekea mwili wenyewe umeshakuwa mtumwa wa pombe. Mimi nilipita 20.

Hakunihubiria. Aliniuliza kama naona uhusiano wowote kati ya pombe na kuungua kwangu. Nikanyamaza, kisha nikasema ndiyo. Akaniuliza, kwenye ngazi ya moja hadi kumi, niko tayari kiasi gani kubadilika. Nikasema tatu. Nilitegemea aseme tatu ni ndogo. Akaniuliza, "Mama, kwa nini tatu na si moja?"

Swali hilo lilinifungua. Ungeniuliza kwa nini sijaacha, ningekupa sababu mpaka kuche: ujane, ada, biashara, wakwe. Yeye aliniuliza kwa nini nataka hata hicho kidogo, na jibu lilinitoka kabla sijalipanga. Nilimwambia kuhusu binti yangu anayeamka saa tisa usiku, aliyenishikilia chini ya bomba, na kwamba walimu wake wameshaniita kwa sababu anasinzia darasani. Muuguzi alirudia maneno yangu taratibu ili niyasikie kwa sauti ya mtu mwingine. Halafu akaniuliza ningependa kufanya nini. Nikasema nataka kuacha kesho.

Hapo alinionya jambo ambalo kila familia yenye mnywaji inapaswa kulijua. Mwili uliozoea pombe kila siku hauachishwi kwa ghafla bila uangalizi. Akatoka na faili, akazungumza na daktari, nikalazwa wodini nikiwa nimeandikiwa dawa za aina mbili: za kuungua, na za kuachana na pombe salama.

Kesho yake jioni nilianza kutetemeka mpaka kitanda kikasikika. Jasho lilinilowesha, nikaona wadudu wakitembea ukutani, nikamwita marehemu mume wangu. Mwenye kuungua akitetemeka na kutoka jasho, mtu yeyote angedhani kidonda kimeingia wadudu wa maradhi, akamtibu homa. Lakini wauguzi wa wodi walikuwa wamesoma faili na walikuwa wananisubiri. Walinipa diazepamu kwa vipimo, wakanipa vitamini B1, ambayo mwili wa mnywaji huishiwa na ikikosekana ubongo huumia. Daktari alinieleza baadaye kwamba kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa hatari hufuata baada ya hapo, na kwamba watu hufa kwa hayo. Nilielewa basi kwamba yale maswali kumi hayakuwa ya adabu njema tu. Yaliokoa uhai wangu.

Nilipopata nguvu nilimwuliza yule muuguzi alijifunza wapi kuzungumza hivi. Akaniambia maswali yale yalitengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani miaka ya 1980, na kwamba mazungumzo mafupi ya kitandani yalijengwa pia Marekani, ambako miaka ya 1990 hospitali moja ya jiji la Boston iliweka watu waliotoka kwenye jamii wakae chumba cha dharura na kuzungumza na wagonjwa. Kilichonigusa zaidi ni cha kwetu. Hapa hapa Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke waliyachukua mazungumzo hayo wakayajenga upya kwa Kiswahili na kwa desturi za hapa, yafanywe na wauguzi kwa majeruhi, na ujumbe wa simu umfuate mgonjwa akisharudi nyumbani. Wakayapa jina linalosema lenyewe: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nilifurahi kusikia kwamba kuna watu waliokaa wakafikiri namna ya kuongea na mtu kama mimi bila kumvunja.

Yule kijana wa bodaboda naye aliulizwa. Alama zake zilikuwa chini ya zangu. Yeye hakuhitaji dawa za kuachia pombe. Anakunywa mwisho wa wiki, ila anakunywa sana, kisha anaendesha. Kwake mazungumzo yale yalitosha. Aliweka ahadi yake mwenyewe, kwamba siku ya kuwasha pikipiki hagusi pombe, na muuguzi akaiandika kwenye karatasi aliyoondoka nayo. Natofautisha hali zetu makusudi. Wapo wanaohitaji maneno ya dakika chache wakiwa bado wanauona mguu wao uliovunjika. Wapo wanaohitaji dawa, kliniki na miezi mingi ya kushikwa mkono. Bila kuuliza, huwezi kujua nani ni nani, na wote wawili watafungwa bandeji ileile na kurudishwa nyumbani.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nilipewa barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili, na jina la kliniki hiyo lilimtisha mama mkwe wangu kuliko pombe ilivyowahi kumtisha. Alisema watu watadhani nimerukwa na akili. Nilikwenda. Nilikuta walimu, madereva, mama wa kanisani, na mtaalamu aliyenisikiliza. Lakini mwisho wa mazungumzo nilirudi kwenye nyumba yenye pipa, kata na wateja wanaopiga hodi. Mtu hawezi kuacha pombe huku anaipika. Niliuza pipa. Kwa miezi kadhaa tulikula kwa shida kweli, na ada ya mtoto mmoja ilichelewa. Wanawake wenzangu wa kikoba walinikopesha mtaji mdogo, nikaanza kununua mikungu ya mchare na kuiuza sokoni, na asubuhi nikawa napika mtori na supu kando ya barabara. Faida ni ndogo kuliko ya kilabu. Inabaki nyumbani, hata hivyo, kwa sababu hakuna ninachokionja mpaka kiishe.

Desturi ndiyo iliyonijaribu zaidi. Kwenye matanga ya ndugu mmoja wa mume wangu niliwekewa kata mkononi na mzee ambaye kumkatalia ni kumvunjia heshima. Nilikunywa, na siku zilizofuata nilikunywa zaidi. Nilidhani kila kitu kimekwisha, na kwamba kliniki watanifukuza. Binti yangu alinipeleka. Walinipokea kama anavyopokelewa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda: wakarekebisha matibabu, wakaniuliza ni nini kilichonishinda, tukapanga la kufanya safari ijayo. Tangu hapo shemeji yangu hunitangulia kwenye kila shughuli na kuwaambia wazee kwamba mimi nawekewa togwa, kwa amri ya daktari. Wazee wameikubali. Nilipokwenda kuwaomba radhi wakwe zangu kwa miaka ile yote, nilishika isale kama inavyotakiwa, na mbege iliyotolewa ilipikwa na mwanamke mwingine na kunywewa na wengine. Niliketi nao mpaka mwisho. Mila yetu haikuvunjika kwa sababu kata moja ilijaa togwa.

Sasa hospitali ikiniita huwa nakwenda kukaa na mama fulani aliyelazwa, ambaye alama zake ni kama zangu. Sina shahada. Namwambia jina langu, namwambia nilikuwa mama pima, na mara nyingi hapo ndipo anapoanza kulia, kwa sababu mwanamke anayekunywa kwetu amefichwa mara mbili: anajificha mwenyewe, na ukoo unamficha.

Nina maneno kwa watu watatu. Kwanza kwa wenye mamlaka ya hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Wapo ambao kabla ya kufa hupita kwenye milango yenu wakiwa na mkono uliokatika, mbavu zilizovunjika, kichwa kilichopasuka. Wapeni wauguzi mafunzo, pazia na dakika chache za kukaa kwenye kiti. Wekeni kliniki ya kumpokea yule ambaye maneno matupu hayamtoshi, maana kumwuliza mtu kisha kumwacha bila pa kwenda ni kumtesa.

Pili kwa wauguzi na madaktari. Najua mnachoka, na najua mlevi anaweza kutukana na kutapika juu ya kiatu chako. Muulize hata hivyo, na mwulize mwalimu na padri pia, ili swali lisiwe hukumu. Omba ruhusa. Akikupa tatu, mwulize kwa nini si moja, halafu nyamaza umsikilize.

Tatu kwako mwenye ndugu anayekunywa. Ukimpeleka hospitali, kwa ajali au kwa homa, usimfichie aibu. Mwambie daktari wazi: anakunywa kila siku, anakunywa kitu hiki, mara ya mwisho alikunywa saa fulani, asubuhi huwa anatetemeka. Akiamua kuacha, usimfungie chumbani aache kwa nguvu zake. Mpeleke akaachishwe kwa dawa. Akirudi kunywa baada ya kuacha, mrudishe kliniki siku hiyohiyo. Na siku ya shughuli ya ukoo, nenda kwa wazee mapema ukamsemee. Mimi nilisemewa, na ndiyo maana nimeweza kuandika.